Programu za Kuhariri Video: Mwongozo kwa Kamati za Mawasiliano za Parokia



Miaka michache iliyopita parokia niliyokuwa nikiihudumia iliadhimisha Jubilei ya miaka 50. Vijana wa kamati ya mawasiliano walirekodi mahojiano na katekista mzee, mmoja wa wale waliofyatua matofali ya kanisa la kwanza. Alizungumza kwa muda wa karibu saa nzima. Katika filamu ya Jubilei zilitumika sekunde 40 tu za maneno yake, na hilo halikuwa kosa, kwa kuwa filamu yenyewe ilikuwa fupi. Mwaka uliofuata mzee wetu aliitwa na Bwana. Familia yake ikaja ofisini kuomba mahojiano yote. Kijana aliyehariri alikuwa ameshakwenda masomoni. Programu aliyoitumia ilikuwa ikilipiwa kila mwezi kupitia akaunti yake binafsi, na malipo yalikuwa yamekoma. Picha asilia nazo zilikuwa zimefutwa ili kupata nafasi kwenye diski. Tukawapa wafiwa sekunde 40. Mimi ndiye niliyeidhinisha fedha za programu ile, wala sikuuliza swali lolote zaidi ya bei.

Tangu hapo maparoko wenzangu na wenyeviti wa Halmashauri za Walei wameniuliza mara nyingi: programu ipi ni bora kwa kuhariri video? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulilihimiza Kanisa kutumia vyombo vya mawasiliano kwa ujuzi na kwa uadilifu. Ujuzi huo unahitajika hata katika jambo hili dogo, kwa sababu fedha zinazotumika ni sadaka za waamini, na kinachorekodiwa mara nyingi hakitatokea tena. Makala hii inalinganisha programu zinazotumiwa na wataalamu, kisha inapendekeza namna parokia inavyoweza kuchagua.

1. Vitu vitatu vya kutofautisha

Watu wengi hudhani kwamba video huingizwa ndani ya programu na kukaa humo. Sivyo. Katika programu zote za kitaalamu kuna vitu vitatu vilivyo mbalimbali. Cha kwanza ni picha asilia, yaani faili zilizotoka kwenye kamera au simu. Cha pili ni faili ya mradi, ambayo kwa kawaida haina picha wala sauti ndani yake bali maelekezo tu: chukua kipande hiki kuanzia dakika ya 3, kikate dakika ya 4, kiunganishe na kile, punguza sauti ya kinanda. Cha tatu ni video iliyokamilika, ile inayopelekwa YouTube au kuoneshwa ukumbini.

Mpangilio huu una faida kubwa, kwani mhariri anaweza kukata na kurudia mara mia bila kuharibu picha asilia. Lakini picha asilia zikifutwa, mradi hubaki maelekezo matupu. Vilevile kila programu huandika maelekezo hayo kwa namna yake, na aghalabu programu nyingine haiwezi kuyasoma. Ipo mifumo ya kubadilishana miradi, kama vile XML, AAF na EDL, lakini hiyo huhamisha hasa mikato na mpangilio wake. Rangi, maandishi na mapambo mara nyingi hupotea njiani. Kwa hiyo anayechagua programu anachagua pia mlango ambao kazi zake zitafunguliwa kwao miaka ijayo.

2. Programu nne zinazojulikana zaidi

Avid Media Composer. Kampuni ya Avid ilianzishwa Marekani mwaka 1987, na programu yake ikaingia sokoni mwaka 1989, wakati filamu zilipokuwa bado zinakatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa utepe wa gundi. Filamu ya kwanza iliyohaririwa kwa kompyuta kupata tuzo ya Oscar ya uhariri, The English Patient ya mwaka 1996, ilihaririwa kwa Avid na Walter Murch. Nguvu ya programu hii ni kazi ya pamoja: wahariri kadhaa huweza kufanya kazi katika mradi mmoja uliohifadhiwa mahali pamoja, na sehemu anayoishughulikia mmoja hufungwa kwa muda ili mwingine aisome bila kuibadilisha. Ndiyo sababu inapendwa na vituo vya televisheni na watengenezaji wa filamu ndefu. Udhaifu wake kwetu ni kwamba kuijifunza huchukua muda mrefu, na faida yake kuu haionekani pale ambapo mhariri ni mmoja.

Adobe Premiere Pro. Premiere ya kwanza ilitolewa mwaka 1991; mwaka 2003 ikaandikwa upya na kupewa jina la Premiere Pro. Hutumika katika Windows na katika kompyuta za Apple. Huambatana vizuri na ndugu zake wa kampuni hiyohiyo, yaani Photoshop kwa picha za mnato, After Effects kwa maandishi yanayotembea na Audition kwa sauti. Vijana wengi wanaifahamu tayari, na mafunzo yake ni mengi mno. Filamu ya Everything Everywhere All at Once, iliyopata Oscar ya uhariri mwaka 2023, ilihaririwa kwa Premiere Pro. Jambo la kuangalia ni malipo. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo yake mapya hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja, bali yatakodishwa. Kodi ya programu hii peke yake ni zaidi ya dola 20 za Marekani kwa mwezi. Kodi ikikoma, faili ya mradi hubaki kwenye diski yako, lakini huna tena cha kuifungulia.

Final Cut Pro. Ni programu ya kampuni ya Apple, iliyotolewa mwaka 1999, nayo hufanya kazi katika vifaa vya Apple peke yake. Kwa kompyuta za Mac hununuliwa kwa malipo ya mara moja ya karibu dola 300. Hufanya kazi kwa wepesi wa ajabu hata katika kompyuta ndogo za Apple, na huhifadhi kazi yenyewe kila wakati, jambo linalofaa panapokatika umeme.

Historia yake ina fundisho. Mwezi Juni 2011 Apple iliiandika upya kabisa na kuiita Final Cut Pro X. Programu hiyo mpya haikuweza kufungua miradi ya ile ya zamani, na mwanzoni haikuwa hata na uwezo wa kuhariri kamera nyingi kwa pamoja. Uwezo huo ulirudishwa mwaka uliofuata. Wahariri wengi walihamia kwingine kwa uchungu. Wengine walibaki na toleo la zamani: filamu ya Korea Kusini iitwayo Parasite, iliyopata Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, toleo ambalo Apple ilikuwa imeliacha miaka mingi kabla. Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kampuni huweza kubadili njia yake bila kutuuliza. Pili, uzuri wa kazi hautegemei upya wa programu.

DaVinci Resolve. Jina la DaVinci hapo mwanzo lilihusu mitambo ya kusahihisha rangi za filamu, ambayo bei yake ilifikia mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua kampuni iliyoitengeneza, ikaigeuza kuwa programu ya kompyuta ya kawaida, na hatimaye ikaongeza uhariri kamili, sehemu ya sauti iitwayo Fairlight na sehemu ya mapambo iitwayo Fusion. Leo hutolewa kwa namna mbili. Toleo la kwanza ni la bure kabisa. Halina kikomo cha siku wala halibandiki nembo juu ya kazi ya kawaida, na hutoa video hadi ukubwa wa Ultra HD kwa picha 60 kwa sekunde. Toleo la pili, liitwalo Studio, hulipiwa dola 295 mara moja. Hutumika katika Windows, Mac na Linux.

Yapo mambo matatu ya kutahadhari. La kwanza, Resolve hudai kompyuta yenye nguvu: watengenezaji wanashauri kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 16, au 32 kwa anayetumia Fusion, pamoja na kadi nzuri ya picha. La pili, toleo la bure la Linux halifungui faili za H.264, ambazo ndizo zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi, hivyo ni lazima zigeuzwe kwanza. La tatu ndilo linalowanasa wengi. Kwa kawaida Resolve haihifadhi mradi kama faili iliyo karibu na picha zako, bali ndani ya hazina yake yenyewe katika kompyuta. Anayenakili folda ya picha akadhani amenakili kila kitu, kompyuta ikiharibika atakuta mradi haupo. Dawa yake ni kutoa nakala ya mradi kwa makusudi, kupitia amri za programu yenyewe, kila kazi inapokamilika.

3. Programu huria

Zipo pia programu zinazotengenezwa na jumuiya za wanaojitolea, ambazo ni bure na ambazo sheria yake inamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzinakili na kuzigawa. Kdenlive ilianza mwaka 2002 na iko chini ya jumuiya ya KDE. Shotcut ni nyingine, nayo ni nyepesi na rahisi kuanza nayo. Zote mbili hutumika katika Windows, Mac na Linux, na faili zake za mradi ni maandishi ya kawaida yanayosomeka, jambo linalosaidia sana kazi za zamani zisipotee.

Kdenlive ina msaada wa pekee kwa parokia zetu. Ikipokea video ya simu yenye kasi ya picha isiyo thabiti, huitambua na kupendekeza kuigeuza. Kasi hiyo isiyo thabiti ndiyo mara nyingi husababisha sauti ya kwaya iliyorekodiwa kwenye mikisa kuachana polepole na midomo ya waimbaji. Tena huweza kuunganishwa na mfumo wa Whisper unaoandika maneno yanayosemwa, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake, ingawa makosa huwa mengi na ni lazima mtu aipitie homilia yote kabla ya kuichapisha. Udhaifu wa programu huria ni kwamba usahihishaji wa rangi na mapambo yake haufikii wa Resolve, na katika kazi ndefu zenye tabaka nyingi huweza kuzima ghafla. Mhariri ajizoeze kuhifadhi mara kwa mara.

Kuhusu programu za simu, kama CapCut, hizo zinafaa kwa tangazo la dakika moja au kipande cha mitandaoni. Hazifai kuwa ghala la kumbukumbu za parokia.

4. Maswali matatu kabla ya kuchagua

Malipo. Tusiangalie bei ya siku ya kwanza tu. Kodi ya dola 20 kwa mwezi hufikia dola 300 katika mwezi wa 15, yaani bei ya Final Cut Pro au ya Resolve Studio, na baada ya hapo huendelea. Kukodi si kosa. Ofisi yenye mapato ya kudumu na mhariri anayefanya kazi kila siku huweza kunufaika. Lakini parokia inayohariri video sita kwa mwaka, na ambayo mfuko wake hutegemea mavuno, isijifunge na deni la kila mwezi.

Mashine. Programu ichaguliwe kulingana na kompyuta iliyopo, si ile tunayoitamani. Kompyuta yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu itahangaika na Resolve, lakini itavumilia Shotcut au Kdenlive. Programu zote nilizozitaja zina namna ya kutumia nakala nyepesi: programu hutengeneza nakala ndogo za picha ili mhariri akate bila kukwama, kisha wakati wa kutoa video hurudia picha asilia zenye ubora kamili. Vijana wengi hulalamika kwamba kompyuta ni mbovu, kumbe hawajawahi kuwasha uwezo huo.

Mrithi. Nani ataifungua kazi hii mhariri wa leo akihama, akiolewa mbali, au akiitwa na Mungu? Mtu anayejitolea ana haki ya kuondoka. Hivyo akaunti zifunguliwe kwa barua pepe ya parokia na si ya mtu binafsi. Watu wasiopungua wawili waijue programu. Nywila ziandikwe na kufungiwa kabatini ofisini kwa paroko. Na programu inayojulikana na vijana wengi wa mahali, au inayopatikana bure kwa mrithi yeyote, ina heri kuliko ile bora sana inayojulikana na mtu mmoja.

5. Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli

Hapa sina budi kusema waziwazi. Katika maduka na ofisi zetu huzunguka nakala za Premiere na nyinginezo zilizovunjwa kufuli, ambazo mtu hupewa kwa flashi kwa bei ya soda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha kwamba amri ya saba inakataza kutwaa mali ya mwingine kinyume cha matakwa yake ya haki. Kazi ya akili ni mali. Haifai video ya Upadrisho ihaririwe kwa programu iliyoibwa, kisha tuwafundishe watoto wa Kipaimara uaminifu. Tena nakala hizo mara nyingi hubeba virusi, na kompyuta inayoambukizwa ndiyo hiyohiyo iliyo na hesabu za parokia. Zamani mtu aliweza kujitetea kwamba hakuna njia nyingine. Leo Resolve ya bure, Kdenlive na Shotcut zipo, na utetezi huo umekwisha.

6. Kutunza kilichorekodiwa

Programu yoyote itakayochaguliwa, utunzaji ndio utakaoamua kama wajukuu wetu wataona chochote. Tufanye hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza gigabaiti 22.5 kwa saa. Misa ya Upadrisho ya saa 3 kwa kamera 3 itafikia takriban gigabaiti 200. Diski ya terabaiti 1 inabeba maadhimisho manne ya namna hiyo. Gharama ya diski basi iingizwe kwenye bajeti ya sherehe tangu mwanzo, kama vile turubai na chakula.

Kila kazi inapokamilika, vihifadhiwe pamoja: picha asilia, faili ya mradi, na video iliyokamilika katika umbo la kawaida la MP4 ambalo huchezwa karibu katika kifaa chochote. Viwekwe katika diski mbili, na diski hizo zikae majengo mawili tofauti. Anayetumia flashi akumbuke kwamba ile iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, atumie exFAT. Nafasi ikiwa finyu na ikabidi kufuta, zifutwe picha za maandamano zilizorudiwa, kamwe yasifutwe mahojiano na wazee.

7. Ushauri kwa ufupi

Parokia yenye kompyuta nzuri ya Windows: DaVinci Resolve ya bure, kwa sharti kwamba miradi inatolewa nakala kila mara.

Parokia au kigango chenye kompyuta ya zamani, au inayotumia Linux: Kdenlive au Shotcut.

Parokia iliyokwisha kuwa na kompyuta ya Mac: Final Cut Pro, au Resolve ya bure. Lakini isinunue Mac kwa ajili ya Final Cut Pro peke yake.

Ofisi ya mawasiliano ya jimbo yenye watumishi wa kudumu wanaotengeneza pia majarida na mabango: Premiere Pro, kodi ikiwa imewekwa katika bajeti ya mwaka na akaunti ikiwa ya ofisi.

Kituo cha televisheni chenye wahariri wengi wanaoshughulikia kipindi kimoja: hapo Avid Media Composer ina nafasi yake.

Hitimisho

Ndugu zangu, hakuna programu inayoweza kurudisha saa ile ya mzee wetu katekista. Niliwaomba radhi wanawe, nao wakanisamehe kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo kila ninapopita kwenye kaburi lake nakumbuka kwamba sauti yake ingekuwapo kama ningeuliza tu, akiondoka kijana huyu nani atafungua? Basi kamati ya mawasiliano itakapoleta maombi ya fedha za programu, paroko na mwenyekiti wasiishie kwenye bei. Waulize kompyuta ipo ya namna gani, akaunti itakuwa ya nani, diski ya pili itakaa wapi, na nani wa pili anajifunza. Na kama katika parokia yako yuko mzee anayekumbuka siku za mwanzo, usingoje programu. Simu uliyo nayo mkononi inatosha kumrekodi Jumapili hii.